Reino dhidi ya Jimbo

6 Oktoba

Marlys kaniambia nitafute mahali pa kuandika hasira zangu, maana amechoka kulala nazo kitanda kimoja. Haya, nimepata daftari.

Wamechukua bunduki za Reino. Naibu sherifu alikuja jana asubuhi, akazitoa kabatini moja moja, taratibu, kama mtu anayehamisha vyombo vya marehemu. Reino alikuwa mezani na kahawa yake. Hakuiba, hakupiga mtu, hajawahi kumtishia hata mbwa. Ila jimbo lina sheria mpya: ndugu yako akienda kwa jaji akasema anakuogopea, jaji anaweza kuamuru silaha zako zikakae kwa sherifu mwaka mzima. Na ndugu aliyekwenda ni Kaisa. Binti yake wa pekee, muuguzi, mtoto niliyemshika mimi siku ya ubatizo wake akanikojolea suti ya pekee niliyokuwa nayo.

Ni kweli Reino ana huzuni. Amefiwa na mkewe Lorna mwezi wa tatu, Kaisa alitaka awe anacheza dansi? Tangu lini huzuni ikawa kosa la kuletewa polisi?

Nilimwambia hatutakubali. Akaniambia, "Wes, kahawa yako inapoa."

7 Oktoba

Mvua. Hasira bado ipo.

11 Oktoba

Jumamosi, sauna kwa Reino, kama Jumamosi zote tangu tukiwa shule. Tulikaa benchi la juu, tumetoka majasho, nikampa habari.

"Nimempigia simu wakili."

"Wakili wa nini?"

"Wa kurudisha bunduki zako. Wana chama chao kule mji mkuu. Wanataka kuipeleka sheria hii mahakama ya shirikisho. Wanasema inavunja Katiba."

"Nani kasema nazitaka?"

"Bwana wee, msimu wa kulungu mwezi ujao. Utawinda na nini, na ufagio?"

Reino akachota maji akamwagia mawe. Akachota tena. Mvuke ukanishika masikio mpaka nikakimbilia nje uchi, na gari la barua likipita barabarani. Ndivyo Reino anavyofunga mazungumzo. Huwa hagombani na mtu, anamchemsha tu.

17 Oktoba

Wakili amefika. Garrison Pell, kijana mtanashati, amevaa koti la mwindaji ambalo bado lina mikunjo ya dukani. Marlys alimpa pai ya nyama na viazi, ambayo huku huliwa kwa mkono, akaila kwa uma na kisu. Tulimsamehe.

Alimtazama Reino jinsi mtu anavyotazama nyumba anayotaka kuinunua.

"Umewahi kufungwa, mzee?"

"Hapana."

"Ulevi? Kupigana? Talaka?"

"Hapana."

"Jeshini ulikuwako?"

"Miaka minne."

"Safi," akasema, na kila jibu akasema safi. "Mzee Makela, tumetafuta mtu kama wewe kwa muda mrefu. Mjane, mwanajeshi, mkulima, hana hata faini ya gari. Kesi ya namna hii inasimama kwa uso wa mlalamikaji."

Mimi nilikuwa nimevimba kifua kama baba wa bibi harusi. Kwa kweli faini za gari mimi ninazo, tena nyingine za kugonga visanduku vya barua kwa gari la kusukuma theluji la kaunti, ambalo kuliendesha ndiyo kazi yangu. Nisingefaa.

Reino aliuliza swali moja tu. "Binti yangu atatajwa?"

"Kwa herufi za mwanzo tu, wewe na yeye."

Reino akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akatia saini.

19 Oktoba

Nimekutana na Kaisa dukani, penye viazi.

"Anko Wes, habari za nyumbani?"

Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili kwa hotuba hii. "Mimi si anko wa mtu anayempeleka baba yake kwa jaji."

Hakurudi nyuma hata hatua. Ana macho ya Lorna, yale yasiyopepesa. "Sawa. Wewe ulimuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Chochote. Anakula? Analala? Tangu mazishi ya mama, ulimuuliza swali lolote ambalo halihusu kulungu?"

"Wanaume hatuulizani hivyo, mwanangu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nikaenda kwa jaji."

Akasukuma kigari chake akaenda. Nimefika nyumbani na vitunguu. Marlys akasema, "Nilikutuma viazi."

24 Oktoba

Theluji ya kwanza. Gari la kaunti limegoma kuwaka. Nililipiga teke, nimeumia kidole.

28 Oktoba

Leo redioni wakili wa jimbo ameitetea sheria. Amesema inamkinga kila mtu dhidi ya "watu hatari kama mlalamikaji huyu." Reino, mtu hatari! Mtu anayepunguza mwendo kwa ajili ya kobe barabarani. Hakumtaja jina, lakini katika kaunti hii kumficha mtu kwa herufi za mwanzo ni kama kumficha ng'ombe nyuma ya mkuki.

Nilipiga simu kituoni niwape maneno yao. Wakaniambia nisubiri, wakaniwekea muziki. Nikasubiri mpaka uji wa shayiri ukaungua jikoni. Hakuna aliyerudi.

Reino mwenyewe alisikia. Nilipopita kwake alikuwa ameizima redio, kisha ameichomoa, na waya ameuzungushia vizuri kabisa.

2 Novemba

Pell anasema hakutakuwa na uamuzi kabla ya msimu. Mahakama itasikiliza hoja Desemba. "Haki haina haraka," akaniambia. Kulungu wanayo.

8 Novemba

Nimeamua. Reino atakuja kambini.

Asiyetoka huku hatanielewa. Siku ya kwanza ya msimu shule zinafungwa. Mgonjwa anapona siku hiyo, atarudi kuumwa baadaye. Mwanamume kuachwa peke yake nyumbani tarehe kumi na tano Novemba ni jambo ambalo hatujamfanyia hata shemeji yangu, na shemeji yangu ana tabia mbaya. Kibanda chetu cha msituni kilijengwa na baba yake Reino, baba yangu na mzee Urho, ambaye yu hai bado, amepita themanini, na hasikii sana.

Nilimwambia Reino, "Utakuja uwe mpishi. Mimi najiuzulu."

"Hatimaye," akasema. Alikaribia kucheka. Nimefurahi kutwa.

14 Novemba

Tumefika. Theluji ya magoti. Reino kaleta mkate wa iliki, kauoka mwenyewe kwa maelezo ya Lorna, katikati umebonyea kidogo lakini hakuna aliyesema.

Tumetundika bunduki kwenye misumari yetu ukutani, kila mmoja msumari wake, kama ilivyo miaka yote. Msumari wa Reino ulikuwa mtupu, akatundika kofia. Niliona kofia tu. Sikufikiri kitu kingine.

15 Novemba

Siku ya kwanza. Nimemkosa kulungu aliyesimama kama amekuja kupigwa picha. Hapa kambini ukikosa unakatwa pindo la shati, linapigiliwa ukutani na jina lako. Ukuta mzima wa kaskazini ni mashati yangu. Unazuia baridi vizuri.

Mchuzi wa Reino mtamu kuliko wangu. Wamelisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

16 Novemba

Theluji. Hakuna aliyeona kitu.

17 Novemba

Naandika nikiwa nyumbani. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi baada ya kahawa, Reino alikuwa anaosha vyombo. Urho akamtazama, akatazama ile kofia kwenye msumari, akaguna. Akaenda nyuma ya mlango, ambako huning'inia bunduki ya kambi, ile ya mgeni, au ya mtu ambaye yake imeharibika. Kwa desturi yetu mtu akikosa bunduki wiki hii, anapewa. Haulizwi kwa nini. Baba zetu walifanya hivyo na sisi tumefanya hivyo.

"Makela," Urho akasema kwa ile sauti yake ya kiziwi, "mwanamume haoshi sufuria wiki ya kulungu. Chukua hii, nenda ulingoni kwako."

Reino akakausha mikono. "Mzee, siruhusiwi."

Na mimi, mimi mwenyewe, huku nina kipande cha mkate mdomoni, nikasema, "Chukua bwana, huku msituni hakuna sherifu."

Wote tukacheka. Reino akaichukua. Akavaa koti, akatoka, akaufunga mlango polepole.

Nilikuwa bado nafunga viatu niliposikia mlio upande wa bwawa, kwenye ulingo wake wa kuvizia kulungu. Nikasema, haya, Reino kapata. Ukasikika wa pili. Halafu wa tatu, yote kwa nafasi sawa kama mtu anayepiga misumari, na baada ya kitambo, wa nne. Hakuna mtu anayempiga kulungu hivyo. Nikasimama katikati ya chumba na kiatu kimoja. Na ndipo maneno ya Kaisa ya penye viazi yakaniingia akilini yote kwa mkupuo, nikajua ni nini nilichokifanya.

Nilikimbia. Mtu wa umbo langu hakimbii kwenye theluji, anaanguka kwa kwenda mbele. Mlio wa tano haukuja. Huo ukimya sitausahau.

Alikuwa ameketi chini ya ulingo, kajiegemeza kwenye nguzo yake. Yu hai. Bunduki ameitupa mbali, mdomo umezama kwenye theluji. Ng'ambo ya bwawa mti mmoja wenye gome jeupe ulikuwa na matundu.

"Nimezimaliza," akasema.

Nikamsogelea. Nikakaa.

"Nilipanda juu nikakaa nayo mapajani. Nikaona mawazo yale yanarudi. Nikasema kabla hayajafika, nizimalize risasi." Akaangalia mikono yake. "Ile ya mwisho ilinichukua muda, Wes."

Tukakaa. Theluji ilikuwa inatuangukia wote wawili. Akanieleza habari za Agosti. Kwamba alikuwa ameketi kwenye banda la matrekta na bunduki ya baba yake, na Kaisa akaja bila taarifa, kamletea ndoo ya zabibu za msituni. Akamkuta hivyo. Hakupiga kelele. Akaweka ndoo chini, akaketi sakafuni karibu yake na sare yake ya kazi, na wakakaa pale mpaka alipoiachia. Akamwomba ampe bunduki zote azitunze. Reino akakataa. Akamwomba tena Septemba, akakataa, akamwambia maneno ambayo hakutaka kuyarudia kwangu. Ndipo Kaisa akaenda kwa jaji.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Akanigeukia. Hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Ulikuwa unaongea," akasema.

Nilimrudisha kambini nimemshika mkono kama tumeoana. Nikawaambia wenzetu kwa sauti ambayo hata Urho aliisikia. Mzee yule aliteremsha bunduki ukutani moja moja, akazitoa risasi, wengine wakazipeleka zote garini na kufunga. Hawa ni watu wanaobishana kutwa nzima jinsi ya kukata kitunguu. Hakuna aliyebisha. Urho akarudi akaketi kando ya Reino akammiminia kahawa.

Nimempigia simu Kaisa. Nilitaja jina la baba yake tu. Akasema, "Anko Wes, yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi mengine utaniambia njiani, nakuja."

18 Novemba

Nimesukuma theluji kutoka alfajiri. Sikumbuki barabara hata moja.

20 Novemba

Reino analala kwa Kaisa, chumba cha juu. Amenituma nimpigie Pell, nimwambie anajitoa kwenye kesi. Nikaanza kumweleza sababu. Akanikata.

"Usilirudie hilo kwa mtu yeyote. Kwa mtu yeyote, unanielewa?"

"Ndiyo yaliyotokea."

"Yaliyotokea hayahusiki. Hatubishani kama mzee wako alikuwa na huzuni au hakuwa nayo. Tunaipinga sheria yenyewe."

"Mlisema kesi inasimama kwa uso wake."

"Ndiyo. Basi uwe uso usioongea, mpaka baada ya Desemba. Nitashughulikia kujitoa kwake kwa wakati wake."

Uso usioongea. Nimeandika hapa nisije nikasema baadaye niliota.

21 Novemba

Nisije nikaonekana nimehamia upande wa pili na mizigo yangu. Na jimbo nalo nina neno nalo.

Walikuja na magari mawili kuchukua bunduki. Baada ya hapo, nani alikuja? Hakuna aliyekuja kumuuliza amelala vipi. Kaisa, ambaye ni muuguzi, anafanya kazi hospitali, alimwombea baba yake nafasi kwa daktari wa akili tangu Agosti. Wakampa Februari. Daktari ni mmoja kwa kaunti nne. Kwa hiyo sheria iliingia nyumbani kwa Reino, ikachukua chuma, ikamwachia kabati wazi, ukimya, na aibu ya kuchukuliwa mbele ya majirani. Halafu wakili wa jimbo anaingia redioni anamwita hatari. Pell anamtaka Reino awe safi, huyu anamtaka awe mchafu. Wote wawili sijawasikia wakiuliza kama amekula.

Nami sikuuliza. Marlys kasoma hapo juu, akasema niandike na hilo.

29 Novemba

Sauna. Mara hii kwa Kaisa, ambayo ni ndogo kama kabati. Nilimuuliza Reino maswali. Amelala? Kiasi. Amekula? Amekula. Anamkumbuka Lorna saa ngapi zaidi? Akamwagia maji mawe.

Lakini alijibu mawili kwanza.

4 Desemba

Mahakamani. Pell hajamtoa Reino bado, basi tuliondoka na theluji, Reino kavaa suti aliyomzikia Lorna. Kaisa alitoka zamu ya hospitali, akatukuta huko, akaketi nyuma kabisa na viatu vyake vyeupe vya kazi.

Nilitegemea kusikia habari za Reino. Pell alisimama akazungumza juu ya sheria ya Boston ya kuhifadhi baruti, ya zama za wafalme wa Kiingereza. Wakili wa jimbo akajibu kwa sheria ya walevi wenye silaha, ya zama hizo hizo. Jaji akauliza kama wafuasi wa mfalme walionyang'anywa bunduki wakati wa vita vya uhuru walirudishiwa. Pell akasema baadhi. Wakabishana juu ya baadhi. Inaelekea siku hizi sheria haiwezi kusimama mpaka ipate babu yake aliyevaa nywele za bandia. Wafu wote wa nchi hii waliitwa wakatoa ushahidi asubuhi ile, na mtu aliye hai ameketi mstari wa mbele kofia mapajani, hajatajwa hata kwa herufi zake mbili.

Walipofika kwenye sheria ya kupanda farasi na silaha, Reino akasimama.

"Mheshimiwa jaji," akasema. Pell akamvuta koti. Reino akalitoa koti lake mkononi mwa Pell, kwa upole, kama unavyolitoa kwenye miiba. "Mimi ndiye huyo R.M."

Jaji alikuwa mama mtu mzima, mwenye adabu. "Bwana Makela, unaye wakili. Mahakama inamsikiliza yeye kwa niaba yako."

"Basi huyu si wakili wangu. Binti yangu alimwambia jaji kweli. Hilo tu nilitaka liandikwe."

"Bwana, suala hilo haliko mbele yangu leo."

"Liko mbele yangu," Reino akasema. Akaketi.

Jaji aliahirisha kwa muda. Koridoni Pell alinikabili mimi, hakumkabili Reino. Uso umemwiva. Hakupaza sauti.

"Ungeweza kumzuia."

"Nimemzuia tangu Oktoba," nikamwambia.

"Haidhuru. Tuna mwingine, kaunti ya kusini. Amejaza karatasi zamani." Akarekebisha tai. "Mnadhani mimi sina moyo. Jaji akiamua vizuri, watu elfu moja watakuwa salama dhidi ya ndugu mwongo."

Na hilo nalo si uongo, maana ndugu waongo wapo, nina shemeji. Ila nilimtazama akirudi ndani na mkoba wake, kwenda kumtetea mtu mwingine asiyeongea.

Kaisa alikuwa amesimama karibu na mashine ya kahawa. Reino akamwendea. Sikusikia walichosema, na kwa mara moja katika maisha yangu nilikwenda kusimama mahali ambapo nisingesikia.

9 Desemba

Theluji ya kiuno. Nimegonga kisanduku cha barua. Changu mwenyewe.

13 Desemba

Kaisa amepigana simu kwa simu mpaka daktari kampa Reino nafasi wiki ya Krismasi. Nitampeleka mimi. Ni mwendo mrefu. Nimeahidi kutozungumza njia nzima. Marlys ameahidi kunipa zawadi nikiweza.

19 Desemba

Hukumu imetoka, kwa jina la yule wa kusini. Jaji ameizuia sheria jimbo zima, na amri zote zilizotolewa chini yake zimekufa. Jimbo litakata rufaa. Redioni Pell alikuwa na furaha, alisema "ushindi wa kila mwananchi wa kawaida." Mwezi wa kumi ningewasha fataki barabarani.

Nimekwenda kukaa garini peke yangu, nikapiga honi mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

22 Desemba

Leo naibu sherifu amekuja kwa Kaisa na bunduki za Reino. Yule yule wa Oktoba. Nilikuwa nasukuma theluji mlangoni pao, nikaingia naye.

"Mzee Makela," akasema, "umeshinda."

"Sikushinda mimi. Nilijitoa."

"Amri imefutwa kwa wote, mzee. Natakiwa nikurudishie."

"Kaa nazo."

"Siwezi. Sasa nikikaa nazo, mimi ndiye ninayevunja sheria." Kijana wa watu, alikuwa amesimama na bunduki ya baba yake Reino mikononi, theluji inamdondoka mabegani, na alionekana angependa kuwa mahali pengine popote. "Sheria ya kuzichukua ilikuwako, sasa ya kuzishika hakuna. Niziweke wapi?"

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka, nikaufunga.

Reino aliondoka dirishani akaja mezani. "Ni zangu, siyo? Naweza kumpa nimtakaye?"

"Ni zako."

"Basi mpe aliyeomba zichukuliwe."

Kaisa alikuwa kwenye jiko, ametugeuzia mgongo. Akageuka na mwiko mkononi. Huku kwetu mtu humpa mwanawe bunduki akiisha kufa, kupitia kwa mwanasheria, na ndugu wakagombana. Sijawahi kuona mtu akizitoa zote siku moja, ameketi, anakunywa supu.

"Baba," akasema.

"Ya babu yako nayo. Hiyo itunze na mafuta, inashika kutu."

Naibu alizileta moja moja, Kaisa akapokea moja moja, akazilaza kwenye kochi kama watoto waliosinzia. Alikuwa analia bila sauti na kuhakikisha kila moja haina risasi, vyote kwa pamoja, kama alivyofundishwa na huyo huyo mzee. Naibu akagusa kofia akaondoka.

Kaisa akabaki anazitazama. Halafu akapangusa uso kwa kiwiko.

"Nitaziweka wapi, baba?"

Reino akachovya mkate kwenye supu.

"Usiniambie," akasema.